Fundi wa Jua

1

Saa tatu kamili asubuhi ya Jumatatu, ufa ulitoweka ukutani mwa mgahawa wa Mama Sekela.

Subilaga Mwakifuna aliuona ukitoweka. Alikuwa ameketi meza ya dirishani, kikombe cha chai mkononi, akiitazama picha ya bwawa iliyotundikwa juu ya kabati la maandazi. Kioo cha picha, kilichounganishwa na mtandao, kilipepesa mara moja, kama kinavyopepesa kila Jumatatu upatanisho unapopita. Kilipotulia, ukuta wa bwawa, ambao kwa miezi kumi na minne ulikuwa na ufa mweusi, unyevu ukichuruzika humo, ulikuwa laini kama ganda la yai.

Aliweka kikombe chini polepole.

"Mama Sekela, hebu angalia picha yako."

Mama Sekela aligeuka akifuta mikono kwenye aproni. Akaangalia. Akasogea karibu, akaangalia tena.

"Ina nini?"

"Ufa uko wapi?"

"Ufa." Mama Sekela alikunja uso kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani. "Hivi ulikuwepo kweli, fundi? Au tulikuwa tunausikia tu watu wakiusema?"

Subilaga alitoa simu yake, akaitafuta picha ileile. Ukuta laini. Mteja wa meza ya pili naye akatoa yake. Ukuta laini.

Hakuna aliyeshangaa sana, kwa sababu kila mtu alijua jinsi mambo yalivyo. Picha yoyote iliyopigwa nchini iliingia Hazina, ghala la picha la taifa. Hazina ilizilinganisha picha zote za mahali pamoja, ikahesabu zinazokubaliana, na zilizo chache zikarekebishwa zifanane na zilizo nyingi. Huo ndio upatanisho. Ulianza baada ya miaka mibaya ya picha za uongo, wakati mwalimu mmoja alipochomewa nyumba kwa sababu ya picha iliyomwonyesha mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Subilaga mwenyewe aliushangilia siku ulipotangazwa. Hata sasa hakuwa tayari kusema kwamba walioubuni walikuwa watu wabaya.

Ila ule ufa ulipigwa picha na watu tisa: wachuma chai, mwendesha bodaboda, katekista. Na wiki iliyopita, ndivyo redio ilivyosema kwa furaha, Kampuni ya Bonde Jipya, iliyojenga bwawa, iliwasilisha Hazina picha mia nne za ukaguzi wa bwawa.

Mia nne kwa tisa.

Alilipa chai yake, akaenda nyumbani kwa mwendo wake wa kawaida. Aliingia chumba cha kazi, akawasha kompyuta ya zamani aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya mashine tatu zilizokufa. Haikuwa imeunganishwa na chochote isipokuwa umeme na printa. Akafungua faili la mwezi wa pili, mwaka wa bwawa. Familia ya Mwasomola, watu saba kwenye nyasi, wamejipanga kwa kimo, wanacheka. Nyuma yao, mbali kidogo lakini wazi kama mshono wa shati, ufa.

Ilipigwa miezi mitatu kabla ukuta haujabomoka na kuchukua watu kumi na tisa.

2

Kazi yake ndiyo iliyomfanya awe na mashine isiyounganishwa.

Katika mji wa Itulwe, familia ikimaliza matanga, hukusanyika kupiga picha ya kutimia. Wote wanavaa vizuri, wanasimama pamoja, na marehemu anawekwa mahali pake: kama ni baba, katikati, kama ni kitinda mimba, mbele. Bila picha hiyo watu husema nyumba bado ina pengo. Zamani fundi yeyote wa studio aliifanya. Hazina ilipokuja, iliwafuta marehemu wote wiki moja baada ya kuwekwa, kwa kuwa hakuna kamera nyingine iliyowashuhudia. Siku hiyo wajane walilia mara ya pili. Subilaga, aliyekuwa karani wa mizani kiwandani na aliyejifunza picha kwa kusoma miongozo iliyotupwa, alinunua kamera isiyo na mtandao, akarudi kwenye karatasi.

Watu walimpenda, na walimtania kwa jambo moja: alikuwa hapigi picha bila jua. Katika mji ambao mawingu hulala juu ya chai wiki nzima, yeye alisubiri. Saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, jua liwe limelala upande, vinginevyo alifunga begi na kuondoka.

"Huyu fundi anatumia sola," walisema. "Wingu likipita, anazimika."

Hakuwaeleza sababu. Sababu ilikuwa miguuni mwa picha. Kila aliye hai alikuwa na kivuli chake juu ya nyasi. Yule aliyewekwa, Subilaga hakumpa. Alimlinganisha ngozi na mwanga, alimkunja mikunjo ya nguo, alimwekea mkono wa mjukuu begani. Lakini kivuli, hapana. Ambaye hakusimama pale hakuzuia jua. Huo ulikuwa mpaka wake. Aliuweka mwaka wa kwanza, akauandika kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati, na kwa miaka kumi na mmoja hakumwambia mtu.

Atupele, binti yake, aliyekuwa muuguzi hospitali ya wilaya, alifika jioni hiyo akiwa bado na sare.

"Mama, nimesikia unataka kupeleka picha kwenye Baraza linalochunguza bwawa."

"Alhamisi."

"Ile ya kina Mwasomola?"

"Hiyohiyo."

"Haina muhuri wa Hazina. Watakuuliza kwa nini waiamini. Halafu watasema wewe ndiye yule mama anayeweka wafu kwenye harusi. Watakuita mwongo, Mama, mbele ya watu. Na hao wenye picha nao je? Kuna watoto wamekua wakijua bibi yao alikuwepo siku ile."

"Nalijua hilo."

"Sasa?"

Subilaga alikuwa anapanga karatasi, kona juu ya kona. "Bwawa la pili limekwisha," alisema. "Mafundi walewale. Baraza likiamini kwamba la kwanza lilibomolewa na mvua tu, wanaanza kulijaza Jumatatu. Chini yake kuna vitongoji vinne. Wewe mwenyewe ulipokea maiti za safari ile."

Atupele alivua viatu, akakaa kitako sakafuni kama alivyofanya alipokuwa msichana.

3

Siku ya Jumatano Subilaga alikwenda kwa Mzee Ambakisye Mwaisaka, fundi baiskeli aliyestaafu, kumwambia.

Alikuwa ameyapanga maneno njiani. Kesho nitaulizwa ninavyofanya kazi. Nitalazimika kusema kwamba niliowaweka wana alama. Utaitazama picha yako, utaiona alama, na mkeo hatakuwa tena mahali alipokuwa. Nimekuja uisikie kwangu kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi wa jua! Karibu. Leo wingu, nani kakuruhusu kutoka?"

Picha ilikuwa juu ya redio: harusi ya mjukuu wake, watu kumi na wanne, mkewe Tusekile akiwa mstari wa mbele, kitenge cha njano, mdomo umefungwa kama anayezuia kicheko. Alikuwa amefariki miezi mitano kabla ya harusi. Mzee alimimina chai vikombe viwili, akakigeuzia kikombe cha tatu, kitupu, upande wa picha.

"Huyu anapenda wageni," alisema. "Ukija unakaa naye kidogo, anachangamka siku nzima."

Subilaga alikunywa chai. Akauliza habari za goti. Akaambiwa habari za goti. Akanywa tena.

"Mbona kama una neno?" Mzee aliuliza.

"Hapana, mzee. Nilipita tu."

"Ndaga, asante, mwanangu. Pita tena."

Alipofika barabarani alisimama, akageuka, akatazama mlango. Kisha akaendelea na safari. Hakuwahi kuacha kazi nusu maishani mwake, na hii aliiacha nusu.

4

Ukumbi wa ushirika wa chai ulijaa hadi madirishani. Jaji mstaafu Venosa Kihwele, mwenyekiti wa Baraza, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mizito. Aliishika picha ya kina Mwasomola kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda mrefu.

"Bi Subilaga, hii ni karatasi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Haina muhuri."

"Haina. Ingekuwa nao, ufa usingekuwepo."

Watu walicheka. Wakili wa kampuni, Faraja Nkulikwa, kijana mwenye suti ya kijivu na sauti nzuri ya kwaya, alisimama akitabasamu naye.

"Mama, naomba nikuulize kwa heshima. Kazi yako ni ipi?"

"Napiga picha. Nazitengeneza."

"Kuzitengeneza ni kufanya nini?"

"Ni kuondoa chunusi siku ya harusi. Kunyoosha tai. Na kuweka waliokufa, kwa familia zinazotaka."

"Kuweka waliokufa." Aliyarudia polepole ili yafike madirishani. "Umeweka wangapi?"

"Mia mbili na sita."

"Kwa hiyo mara mia mbili na sita umetengeneza picha inayoonyesha kisichokuwepo, kwa ustadi kiasi kwamba hakuna aliyegundua. Na leo unatuletea picha inayoonyesha ufa ambao picha mia nne hazikuuona."

"Wakili, unamwonea!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Nauliza tu. Mama, anayeweza kumweka bibi, anashindwa kuweka ufa?"

"Siwezi kushindwa," Subilaga alisema. "Ufa ni rahisi kuliko bibi. Dakika ishirini."

Atupele, mstari wa tatu, alifunga macho.

"Naweza," Subilaga aliendelea, kwa sauti ileile ndogo iliyowafanya watu wainamie mbele. "Ndiyo maana niliweka mpaka. Ninachokiongeza, sikipi kivuli. Napiga picha jua likiwa upande, kila kitu kinatupa kivuli. Nilichoweka mimi hakitupi. Tazama ufa, Mheshimiwa. Kingo zake zimevunjika, upande mmoja umetokeza. Ule mtokezo una kivuli, kimelala upande uleule kama vivuli vya watu saba walio mbele yake. Ningeuweka mimi, usingekuwa nacho."

Jaji aliivua miwani, akaisogeza karibu na karatasi kama kioo cha kukuzia.

"Kipo," alisema. "Lakini huo mpaka wako naujuaje? Nipe mfano. Picha moja uliyoweka mtu, nione kama kweli hana kivuli."

Hapo ndipo alipokuwa anapaogopa. Majina mia mbili na sita alikuwa nayo kichwani. Wengi wa wenye picha walikuwa wamekaa mbele yake, wamevaa nguo alizozipiga picha.

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Wafu si wangu. Sitamnyooshea kidole marehemu wa mtu, nikamwambia mjukuu wake, huyu hakuwepo. Kama hiyo ndiyo bei ya kuaminiwa, basi nisiaminiwe."

Wakili alifungua mikono yake miwili. "Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza, wewe mtoto, kaa chini."

Mzee Ambakisye alikuwa anasogea katikati ya viti, goti likimsumbua, fremu ameikumbatia kifuani. Askari wa mlangoni alimtazama Jaji. Jaji aliitikia kwa kichwa aachwe apite. Mzee aliiweka picha ya harusi mezani, akaigeuza isomeke.

"Huyu wa kitenge cha njano ni mke wangu. Alikufa mwezi wa nane, harusi ilikuwa mwezi wa kwanza. Hesabuni vivuli."

Jaji alihesabu kwa kidole. "Watu kumi na wanne. Vivuli kumi na vitatu."

"Mzee," Subilaga alisema, "ulijua?"

"Miaka tisa naitazama asubuhi na jioni, nisijue?" Alimgeukia, karibu amkaripie. "Mwanzo nilikasirika. Nikasema, huyu fundi kasahau. Nikataka kuja kukudai. Kisha nikaona, la, hakusahau. Kanirudishia mke wangu bila kunifanya mjinga. Jana ulikuja kuniambia, ukashindwa. Nilikuona unavyozungusha kikombe. Nikasema nitakuja mwenyewe."

"Hata sisi tunajua," sauti ya mwanamke ilitoka dirishani.

"Na sisi."

"Mama yangu hana kivuli, na bado ni mama yangu!"

Jaji aligonga meza. Wakili alisubiri kelele ziishe. Alikuwa bingwa wa kusubiri. Kisha akauliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali:

"Vizuri sana. Picha moja. Na hizo nyingine zote, mama? Zote mia mbili na sita, bila kukosea hata moja?"

Ndiyo, angeweza kusema. Hakuna aliyejua. Picha yenyewe ilikuwa chumbani mwake, na leo asubuhi, bila kuamua lolote, aliitia ndani ya bahasha na bahasha ndani ya begi. Alimtazama Atupele. Akafungua begi.

"Zote, isipokuwa moja."

Aliiweka karibu na ile ya harusi. Mahafali ya Atupele, chuo cha uuguzi: joho jeusi, mama kushoto, na kulia Angetile Mwakifuna, dereva wa lori la chai, aliyekufa kwa homa ya mapafu mwaka mmoja kabla ya siku hiyo. Vivuli vitatu vilikuwa vimelala juu ya saruji.

"Huyu ni mume wangu. Nilimweka bila kivuli. Nikaitazama picha juma zima, nikashindwa. Kivuli chake sikuwa nacho popote, nikachukua changu, nikakitanua mabega, nikampa. Nilivunja mpaka wangu mwenyewe. Binti yangu anasikia leo, pamoja nanyi."

Atupele alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Kwa hiyo unakiri," wakili alisema.

"Nimekiri. Hukuwa na habari nayo, na nimekuambia." Subilaga alimgeukia, na wale waliomjua kwa miaka walishangaa kuona alivyonyooka. "Nimeonyesha mkono wangu ulipopita mara mia mbili na sita, hata pale unaponiaibisha. Sasa nyie. Mmepeleka Hazina picha mia nne. Onyesheni mkono wenu ulipopita. Katika picha hizo mlirekebisha nini, lini, nani alirekebisha? Kama hamkugusa kitu, semeni hapa, hatukugusa. Neno moja tu, baba. Mimi nimesema langu."

Faraja Nkulikwa alifungua kinywa. Akawainamia watu wawili wa kampuni waliokaa nyuma yake. Mmoja alitikisa kichwa kwa haraka. Wakili alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipoinuka, lile tabasamu hakulirudisha.

"Mheshimiwa, sina maelekezo kuhusu jambo hilo."

"Swali ni rahisi, wakili. Ziliguswa, hazikuguswa?"

"Sina maelekezo."

Jaji Kihwele alivaa miwani yake. Akaandika, na ukumbi mzima ukaisikia kalamu.

"Kampuni italeta orodha ya marekebisho yote ndani ya siku saba, pamoja na picha kama zilivyotoka kwenye kamera. Hadi nitakapoziona, hakuna tone la maji litakaloingizwa bwawa la pili. Na karatasi hii ya Bi Subilaga ipokelewe. Karani, andika: kielelezo cha kwanza, kisicho na muhuri."

5

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama na binti. Mama Sekela aliwapungia mkono kutoka mlangoni. Kioo cha ukutani kwake kilikuwa kimefunikwa kwa kalenda ya mwaka juzi, na juu ya kalenda mtu alikuwa amechora kwa makaa mstari mmoja uliopinda, kutoka juu hadi katikati.

Chumbani, Subilaga aliilaza picha ya mahafali juu ya meza chini ya dirisha. Alitoa wembe wa kukatia karatasi.

"Mama, subiri," Atupele alisema. "Si faili lipo kwenye kompyuta? Kiondoe humo, uchape mpya. Haitajulikana kama kilikuwepo."

"Ndiyo sababu sifanyi hivyo."

Atupele alilifikiria hilo. Kisha akavuta kiti, akashika kona mbili za picha zisiteleze.

"Kilikuwa kinanifurahisha," alisema. "Nilipokuwa nakikumbuka kile kivuli. Nilidhani ni chake kabisa."

"Kilikuwa changu."

"Basi na chenyewe kilinifurahisha."

Subilaga alianza miguuni pa Angetile, kwa ncha ya wembe, akikwangua kidogo kidogo kama alivyojifunza kwenye mwongozo wa kwanza uliochanika jalada. Wino ulitoka kama vumbi la makaa. Mabega aliyoyatanua yaliondoka, kisha kiuno, ambacho sasa alikitambua kuwa ni chake. Karatasi ilibaki nyeupe na yenye manyoya pale alipopita, alama kubwa ambayo yeyote angeiona tangu mlangoni.

Alipomaliza alipuliza vumbi, akaitundika picha sebuleni, mahali pa wageni.